Uchujaji wa ujumbe katika makundi ya WhatsApp (Uvira)

Kazi ya kuzuia au kufuta uvumi, utapeli na matusi ya kikabila katika makundi ya simu mjini Uvira, Kivu Kusini, na kando ya Ziwa Tanganyika kuelekea Fizi. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp husomwa na mtumaji na mpokeaji tu, kampuni yenyewe haiuoni. Hivyo mzigo humwangukia msimamizi wa kundi. Ndiye anayefuta ujumbe na kumtoa mkorofi, na hali ikichafuka hufunga kundi waandike wasimamizi peke yao. Tangu 2019 ujumbe unaosambazwa upya huenda kwa mazungumzo 5 tu kwa mara moja. Ule uliozunguka mno, tangu Aprili 2020, huenda kwa 1 tu.

Kikomo hicho hakitoshi. Chuki dhidi ya jamii ya Banyamulenge, na majibizano yanayowahusisha Wafuliiru, Wabembe na Wavira, huja pia kwa sauti iliyorekodiwa, na hapo lazima mtu aketi asikilize hadi mwisho. Ni kazi nzito, isiyolipwa, na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Sheria ya kidijitali ya Kongo ya 13 Machi 2023 humwadhibu pia anayesambaza habari za uongo, si mtungaji peke yake.