ILIKUWA INANUNUA FURAHA, LEO INATUPWA: Safari ya Peni ya Uingereza

Ukienda kwa Mangi, chenji ya hamsini ikakosekana ukapewa pipi, usidhani ni ujanja wa Bongo tu. Wauza vitambaa wa Uingereza walikuwa wanafanya hivyo hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Bei inaandikwa shilingi 1, peni 11 na robo tatu, ili ionekane haijafika shilingi 2 (kumbe ule mchezo wa 9,999 ni wa kitambo). Mteja akitoa shilingi 2 anadai robo peni. Muuzaji hana, au anajifanya hana, anamkabidhi pakiti ya pini za kushonea. Kwaheri.

Hiyo robo peni iliitwa fadhingi. Hesabu zao zilikuwa za kuumiza kichwa: fadhingi 4 ni peni 1, peni 12 ni shilingi 1, shilingi 20 ni pauni. Yaani pauni moja ni fadhingi 960.

Ndogo, sawa, lakini usiidharau. Mwaka 1907, mwalimu mkuu mmoja wa kike huko Bow, mashariki mwa London, eneo la watu choka mbaya hasa, alianza kuwauzia watoto vifurushi kwa fadhingi moja. Ndani unakuta ganda la konokono wa baharini, shanga, filimbi, golori, kibati cha kuchezea, vipande vya hariri, picha za kwenye pakiti za sigara. Vitu ambavyo kwa tajiri ni takataka. Jumamosi watoto walikuwa wanapanga foleni alfajiri kabisa, baridi ile ya London, sarafu imebanwa kiganjani.

Kwa nini asigawe bure? Bei ile ilikuwa na akili. Mtoto hakuja kuomba, alikuja kununua. Ni mteja kama mteja mwingine.

Foleni ilipozidi, likawekwa geti dogo la mbao. Unapita bila kuinama, unapata kifurushi. Umerefuka, pole yako. Hebu vuta picha jinsi madogo walivyokuwa wanakunja magoti kimya kimya!

Peni nzima ndiyo ilikuwa mambo yote. Kuanzia 1840 ilisafirisha barua popote ndani ya Uingereza, na bei hiyo haikuguswa mpaka 1918. Miaka 78! Mwaka 2025 stempu ya barua ya haraka ilifika pauni 1.70, ambayo kwa peni za zamani ni 408. Peni hiyo hiyo ndiyo iliyokufungulia mlango wa choo cha umma, na mpaka leo wazee wa Kiingereza wakitaka kwenda msalani wanasema wanaenda kutumia peni. Msemo umebaki, bei ndo iliyokimbia. Kuna vyoo vya stesheni kubwa za London vilifika peni 50, tena hizi mpya, kabla ada haijafutwa 2019.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo ilianza kuimaliza. Bei zikapanda, fadhingi ikabaki inazunguka bila cha kununua. Toleo la mwisho la matumizi lilitoka 1956, na mwaka 1960 ulipoisha ikakoma kuwa pesa halali.

Februari 15, 1971 wakahamia mfumo wa 100: peni mpya moja ni sawa na 2.4 za zamani. Nusu peni mpya nayo haikudumu, ikaondolewa 1984.

Peni imepona, ila kwa shida. Mwaka 2018 Hazina ya Uingereza ilieleza kwamba katika kila sarafu 10 za peni 1 na peni 2, sita hutumika mara moja tu kisha zinapotea kwenye mzunguko. Nyingine zinaishia kwenye makopo na droo. Nyingine, asilimia 8, zinatupwa kabisa. Serikali ikafikiria kuzifuta, 2019 ikasema zibaki.

Halafu kuna hii. Mpaka 1992 peni ilikuwa na shaba asilimia 97, baadaye wakahamia chuma kilichopakwa shaba. Shaba ikapanda bei, na leo madini ya peni ya zamani yana thamani kuliko peni yenyewe. Ila ukiiyeyusha bila leseni, ni kosa la jinai.