Hiyo Itakusaidia na Nini?

Kuna swali ambalo kila mtundu wa Kakamega amewahi kuulizwa. Umefungua redio ya kukhu uone kilichomo ndani. Umekesha ukibadilisha sura ya blogu yako mara ya nne mwezi huu. Umenunua kamera ya filamu ya mtumba na simu yako inapiga picha safi tu. Mtu anakuangalia, anatikisa kichwa: "Sasa hiyo itakusaidia na nini?" Wazazi wanauliza, walimu wanauliza, na siku hizi marafiki zetu wenyewe ndio wabaya zaidi, kwa sababu wao wanataka kujua inalipa ngapi.

Leo nitajibu kwa historia. Motivesheni tumeshiba.

Machi 2011, Mikhail Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Muungano wa Kisovieti, alikuwa akisherehekea miaka 80 pale Royal Albert Hall, London. Usiku huo zilitolewa tuzo kwa watu watatu waliohesabiwa kuwa wamebadilisha dunia. Mmoja alikuwa Ted Turner, mwanzilishi wa CNN. Mwingine Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni wavuti, hii hii unayosomea maneno haya. Wa tatu alikuwa Evans Wadongo, kijana aliyesomea Kakamega High, ile shule ya Green Commandos ambayo wengi wetu tunaijua kwa mpira tu.

Hadithi ya Wadongo husimuliwa kama hadithi ya shida: mtoto anasoma kwa koroboi, moshi unamharibu macho, anakua, anaunda taa ya sola. Ni kweli. Lakini kuna kipande ambacho watu hukiruka. Mwaka wa 2004, akiwa mwanafunzi JKUAT, alikuwa anachezea vitaa vya LED bwenini, vile vya kupambia Krismasi, ndipo ikamjia kwamba vinaweza kumulika nyumba. Baadaye akaokota kipande cha paneli ya sola, akaendelea kuchokonoa. Taa ikaitwa MwangaBora, na mabati chakavu yakawa sehemu ya mwili wake. Shida ya koroboi ilikuwa ya mamilioni ya watu. Aliyekuwa anachezea waya ni mmoja.

Na Berners-Lee je? Utotoni alijifunzia elektroniki kwenye treni za kuchezea. Akiwa Oxford akaunda kompyuta kwa kutumia televisheni kuukuu. Mwaka wa 1989, alipoandika pendekezo la wavuti akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, hakuna bosi aliyekuwa amemtuma. Haikuwa kazi aliyoajiriwa kufanya.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo penye uhondo.

Jaribu kufikiria Kenya ya 2004. Mkongo wa baharini haujafika. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa 2009. Intaneti inatoka kwa satelaiti, ni ghali, na wengi wanaipata saiba, wakilipa kwa dakika. Unasubiri ukurasa ufunguke huku jicho moja liko kwenye saa. Katika hali hiyo, kuna Wakenya waliokuwa wanatumia dakika zao kuchezea blogu! Blogger ilikuwepo tangu 1999, WordPress ilitoka 2003, zote za bure. Watu walibadilisha rangi, wakahamisha vichwa vya habari kutoka kushoto kwenda kulia, wakaharibu msimbo, wakaurekebisha. Daudi Were, aliyekuwa na blogu ya Mentalacrobatics, akaunganisha blogu za Wakenya katika mtandao mmoja, Kenyan Blogs Webring, ili ukisoma moja uweze kuruka kwenda nyingine. Ory Okolloh, mwanasheria, alikuwa na Kenyan Pundit. Mwaka wa 2006, yeye na Conrad Akunga wakaanzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia wabunge wetu wanafanya nini. Erik Hersman, aliyekulia Sudan na Kenya, aliandika White African, na pembeni akawa na AfriGadget, blogu nzima ya kusifu vitu vilivyoundwa na mafundi wa jua kali na watundu wengine wa Afrika. Juliana Rotich alikuwa na Afromusing. David Kobia, akiwa Marekani, aliendesha Mashada, baraza la mtandaoni ambapo Wakenya walipiga domo na kugombana.

Ungemuuliza yeyote kati yao mwaka huo hiyo itamsaidia na nini, angekupa jibu gani la maana? Hakukuwa na pesa za matangazo za kuzungumzia. Hakukuwa na wafuasi laki mbili. Walikuwa wanacheza, basi.

Halafu Desemba 2007 ikafika. Tulipiga kura tarehe 27. Tarehe 30 Mwai Kibaki akatangazwa mshindi, akaapishwa jioni hiyo hiyo, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nchi ikawaka. Tume ya Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Hata hapa Kakamega vurugu zilifika, na wakubwa wetu wanaozikumbuka siku hizo hawapendi kuzisimulia kwa urefu.

Redio na televisheni zikiwa zimebanwa, watu walianza kumwandikia Okolloh: hapa kumechomwa, pale kuna maiti, barabara hii imefungwa. Aliweka taarifa kwenye blogu yake mpaka zikamzidi. Tarehe 3 Januari 2008 akaandika, kwa ufupi, kwamba kama kuna mtu anayejua kompyuta, atengeneze ramani ya kuonyesha vurugu zinatokea wapi. Hersman akaona, akamtafuta Kobia, na ndani ya siku chache ramani ikawa hewani. Unatuma taarifa kwa tovuti au kwa SMS, inakaguliwa, inawekwa mahali pake. Wakaiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoipiga Haiti, programu hiyo hiyo ilitumika kule kuonyesha walipo watu wanaohitaji msaada.

Siku chache, jamani. Huwezi kujifunza kujenga tovuti wakati nyumba zinaungua. Mtu aliyeanza kujifunza Januari 2008 alikuwa amechelewa. Waliowahi ni wale waliokuwa wamepoteza miaka minne wakihamisha vichwa vya habari kutoka kushoto kwenda kulia.

Nisiwapake hawa watu mafuta kupita kiasi. Vifaa hivyo hivyo vilibeba sumu. SMS za chuki zilisambaa nchi nzima, na Mashada ilijaa matusi ya kikabila mpaka Kobia, mwezi huo huo wa Januari, akaifunga. Akafungua mahali pengine alipopaita I Have No Tribe, yaani sina kabila. Fikiria: kitu ulichokilea kwa miaka, unakizima mwenyewe kwa sababu kimegeuka. Kwangu mimi hiyo ni hatua kubwa kuliko hata ile ramani, na haizungumzwi sana.

Filamu nayo ina watundu wake. Mwaka wa 1975, ndani ya kampuni ya Kodak, injinia kijana, Steven Sasson, aliunganisha vipande vya vifaa mbalimbali akapata kamera isiyotumia filamu. Ilihifadhi picha kwenye kaseti, na kila picha ilichukua sekunde 23 kurekodiwa. Wakubwa wake hawakuona haja. Nani atataka kutazama picha kwenye televisheni? Ni swali letu lile lile, ila limevaa suti. Januari 2012 Kodak ikaenda mahakamani kuomba kulindwa dhidi ya waliokuwa wanaidai.

Na kabla hujadhani utundu wa picha ni wa Wazungu, nenda Lamu. Omar Said Bakor alijifundisha kupiga picha mwenyewe, akafanya kazi mitaani, kisha akafungua Bakor Studio miaka ya 1960. Alikata picha, akaunganisha, akazipanga upya, mtu akajiona mahali ambapo hajawahi kufika. Photoshop ilitoka 1990. Wateja wangelipa hata picha ya kawaida ya kusimama wima, mikono ubavuni, na studio nyingi ziliishi kwa hizo. Yeye hakutulia.

Kinachonisumbua kuhusu rika letu ni hiki. Wale wa 2004 waliulizwa itasaidia na nini na watu wa nje. Sisi tunajiuliza wenyewe kabla hata hatujashika bisibisi. Kila mchezo lazima uwe maudhui, kila maudhui yawe na namba, na namba zisipopanda wiki mbili, tunaacha. Naelewa kwa nini. Kodi ya nyumba pale Lurambi hailipwi kwa udadisi, na simlaumu anayetafuta hela. Lakini kama kila tunachokigusa lazima kitulipe mwezi huu, hakuna kitakachokuwa mkononi siku ambayo hatuitarajii.

Mimi kwa sasa nina vitu vitatu visivyolipa. Laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, niliyoigeuza seva ya nyumbani, inahifadhi picha za familia na inavuma kama posho mill. Blogu, ambayo wiki hii naihamisha tena, safari hii kwa kurasa nyepesi ambazo hata simu ya binamu yangu kule Shinyalu inazifungua bila kumaliza bando. Na roli moja ya nyeusi na nyeupe, picha 36, nilizopiga Muliro Gardens na sokoni. Jumamosi naiosha bafuni: blanketi dirishani, taulo chini ya mlango, dawa kwa nyuzijoto 20, na simu nje kwa sababu ya mwanga wake. Mama amenipa bafu mpaka saa kumi. Amesema ikifika saa kumi na dakika moja, atawasha taa.