Gitaa la Besi na Mwenye Vyombo

Leo Fender alipolitoa gitaa lake la besi huko Fullerton, California, mwaka 1951, aliwatua wapigaji mzigo wa besi kubwa ya kusimama, ambayo haikusafirishika ila kwa taabu wala haikusikika vema palipolia tarumbeta. Na maadamu shingo ya chombo kipya ilitiwa vichuma vya kugawia sauti, mtu ajuaye gitaa la kawaida aliweza kulishika na kupata sauti iliyo sawa pasipo miaka ya kusomeshwa. Marekani na Ulaya likawa milki ya kijana mmoja mmoja, akalinunua kwa malipo ya kidogo kidogo na aghalabu akaliuza majukumu ya nyumba yalipomzidi.

Kwetu Tanzania halikuwa hivyo, kwa sababu muziki wa ridhaa ulikuwa wa chama kabla haujawa wa mtu. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja, iliyoasisiwa 1905, na Dar es Salaam Jazz, iliyoanza 1932, zilikuwa jamaa za watu wenye shughuli zao za mchana, na vyombo vyao vilikuwa mali ya klabu. Baada ya uhuru desturi hiyo ikapata nguvu zaidi: mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikaunda NUTA Jazz, kikatoa vyombo na mishahara, na mpiga besi akawa mwajiriwa apigaye chombo kisicho chake.

Natija yake ni kwamba biashara kubwa ya muziki wa dansi haikuwa ya magitaa bali ya watu. Bendi ya Mlimani Park ilipoanzishwa 1978, wanamuziki Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar waliingia wakitokea JUWATA, ambayo ndiyo NUTA kwa jina jipya. Na mwaka 1985 Gurumo akahama tena, safari hii kwenda Orchestra Safari Sound ya tajiri binafsi. Ahamaye aliondoka na vidole vyake tu, gitaa likabaki kumngoja mwingine. Wanamuziki wa bendi ya Maquis, waliotoka Zaire, walijitenga na kanuni hii kwa kufanya bendi yao kuwa shirika la wanamuziki wenyewe, nami naona walikuwa na busara kuliko wengi.

Fedha za kigeni zilipoadimika baada ya vita vya Kagera, hata mwenye vyombo alihangaika. Nyuzi za besi ni nene na ghali, na hewa ya bahari haizihurumii. Mpigaji asiye na za akiba huzivua zote nne, huzichemsha katika sufuria hata uchafu wa vidole ulionasa baina ya mizunguko ya waya utoke, huzifuta na kuzianika zikauke barabara, nazo hulia kama mpya kwa siku chache, kisha hufifia tena.

Siku hizi kijana aweza kununua besi iliyokwisha tumika. Mjuzi huinua kitako cha gitaa usawa wa jicho na kuitazama shingo kwa urefu wake asije akauziwa iliyopinda. Lakini wapigaji wengi wa ridhaa wako katika kwaya za makanisa, ambako besi hununuliwa kwa michango ya waumini na hufungiwa stoo, na mpigaji apendaye kujizoeza siku ya kazi sharti kwanza amtafute mwenye ufunguo.