Mbwa, panya buku wanavyofichua nyara za Serikali

MENO ya tembo yakifichwa katikati ya magunia ya kahawa au sabuni ya unga, jicho la mkaguzi laweza kuyapita. Pua ya mnyama aliyefunzwa haidanganyiki kirahisi, na sasa inawasaidia polisi, forodha na askari wa wanyamapori kuwanasa wasafirishaji wa nyara.

Hasara inayopiganiwa kuzuiwa ni kubwa. Sensa zilionyesha kuwa tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, chanzo kikuu kikiwa ujangili.

Mkoani Mara, Pori la Akiba la Grumeti linapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na barabara kuu ya Mwanza–Sirari inapita Bunda na Butiama kuelekea mpakani mwa Kenya. Mfuko wa Grumeti una kikosi cha mbwa kilichoanzishwa kwa ushirikiano na shirika la Marekani, Working Dogs for Conservation. Mbwa hao hunusa meno ya tembo, nyamapori, silaha, risasi na nyaya za mitego. Mbwa akipata harufu aliyofundishwa hutoa ishara kwa mwongozaji wake, ndipo upekuzi unapoanza.

Mjini Morogoro, shirika la APOPO, lililoko katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limemfunza panya buku kazi kama hiyo. Panya hao walikuwa tayari wanajulikana kwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Utafiti uliochapishwa Oktoba 2024 ulionyesha kuwa walitambua magamba ya kakakuona, meno ya tembo, pembe za faru na mti wa mpingo, hata vilipochanganywa na vitu vya kuficha harufu. Baadhi yao walikaa miezi minane bila kukutana na harufu hizo, lakini hawakuzisahau.

Panya huvishwa kizibao chekundu chenye kitufe kifuani. Akigundua nyara hukivuta kwa miguu ya mbele, nacho hulia. Kwa kuwa ni mdogo na hodari wa kukwea, hufika penye nafasi finyu kati ya shehena, mahali mbwa asipoweza kupita.

Hata hivyo, ishara ya mnyama si hukumu. Kinachopelekwa mahakamani ni nyara yenyewe, ikiwa imetambuliwa na kuthaminiwa na ofisa wa wanyamapori, pamoja na kumbukumbu za namna ilivyokamatwa na kutunzwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara za Serikali bila kibali.

Kwa hiyo mbwa na panya hufungua mlango wa upelelezi tu. Upekuzi ukiharibika au kielelezo kikipotea, mtuhumiwa anaweza kuachiwa huru, na kazi ya pua hiyo ikawa bure.