Muhuri wa Kaizari na Jicho la Mthamini

Mwaka 1745 Kaizari Qianlong wa China aliletewa mchoro mrefu wa kukunja, wa wino juu ya karatasi, unaoonyesha milima ya Fuchun. Aliambiwa ni kazi ya Huang Gongwang, mchoraji wa karne ya 14 aliyeheshimiwa kuliko karibu wote. Kaizari aliupenda hadi ukamlevya. Kila alipoukunjua aliongeza shairi, maoni au muhuri, na maandishi yake yakapita hamsini, mpaka ikawa taabu kuona mahali palipobaki wazi. Mwaka uliofuata ukaletwa mchoro wa pili wenye milima ile ile. Qianlong akautazama, akatamka kwamba huu ni nakala, akaununua hata hivyo kwa kuwa ulipendeza, akaamuru uwekwe kando.

Karne ya 20, wataalamu waliokagua hazina ya kasri walitoa hukumu nyingine. Ule uliojaa mashairi ya Kaizari ndio nakala. Uliowekwa kando ndio wa Huang Gongwang, na kwa kudharauliwa ulinusurika kalamu ya kifalme. Leo uko katika Makumbusho ya Kasri la Taifa mjini Taipei. Kipande chake cha mwanzo kipo Hangzhou, kwa sababu karibu mwaka 1650 mwenye mali aliyekuwa anakaribia kufa aliagiza mchoro uchomwe aende nao ahera, na mpwa wake akaunyakua motoni ukiwa umekwisha kukatika.

Qianlong hakuwa mjinga. Alikuwa na vitu vingi kuliko mkusanyaji yeyote wa zama zake, na washauri wasomi walimzunguka. Labda hapo ndipo tatizo lilipokaa: nani angemwambia kwamba amekosea? Kazi ya mthamini, tangu asili yake, ni kumwambia mwenye mali jambo ambalo mwenye mali hataki kulisikia.

Kazi hiyo nchini China ni ya kale. Mwaka 1388, enzi ya Ming ikiwa bado changa, mwanazuoni Cao Zhao alikamilisha Gegu Yaolun, kitabu cha mwongozo kwa wanunuzi wa vitu vya kale. Kilizungumzia michoro, shaba za kale, vinanda vya nyuzi, vito, vyombo vya kauri na kazi za laki, na katika kila mlango kilieleza namna ya kutofautisha kilicho halisi na kilichoghushiwa. Kitabu kama hicho hakiandikwi mahali ambapo hakuna wanaodanganywa. Wenye fedha mpya walikuwa wanataka vitu vya wasomi wa zamani, na mafundi walikuwa tayari kuwatengenezea.

Ila ugumu wa sanaa ya China ni kwamba kuiga hakukuwa daima udanganyifu. Chini ya bakuli la kauri mara nyingi huandikwa herufi sita zinazotaja enzi ya Kaizari aliyetawala lilipochomwa. Mgeni huzisoma na kuamini. Lakini mwaka 1677 ofisa wa Jingdezhen, mji wa matanuru uliolilisha kasri kwa karne nyingi, alipiga marufuku kuandika jina la enzi ya Kaizari Kangxi kwenye vyombo, kwa hofu kwamba chombo kikivunjika jina tukufu litatupwa jalalani. Wafinyanzi wakaandika majina ya enzi zilizopita, hasa ya Chenghua, aliyetawala kati ya 1464 na 1487, au wakachora duara mbili wakaacha katikati patupu. Mfinyanzi aliyeandika Chenghua hakuwa mwizi. Alikuwa anatii amri, na pengine anatoa heshima kwa wazee wa kazi yake. Nusu karne baadaye msimamizi wa matanuru, Tang Ying, aliigiza kwa agizo la kasri lenyewe vyombo vya enzi ya Song, na baadhi ya maigizo hayo sasa yana bei inayotisha. Kwa hiyo mthamini anayeanza na alama ya chini ameanzia mahali pabaya. Wenye uzoefu hukishika chombo kwanza: uzito wake, ukingo wa mguu ulivyochongwa, rangi ya udongo pale usipofunikwa. Maandishi huyasoma mwisho.

Nje ya China taaluma hii ilizaliwa kwa njia isiyo na heshima. Oktoba 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora Yuanmingyuan, bustani na makasri ya Kaizari nje ya Beijing, kisha Lord Elgin akaamuru yachomwe moto. Waingereza walifanya mnada wao papo hapo Beijing ili kugawana mapato. Mwaka uliofuata minada ya Paris na London ilikuwa inauza vito, kauri na shaba, na katika orodha zake maneno kwamba kitu kimetoka katika Kasri la Majira ya Joto, kama Wazungu walivyoiita Yuanmingyuan, yaliandikwa kama sifa. Hata mbwa mdogo aliyechukuliwa huko na kupelekwa kwa Malkia Victoria aliitwa Looty, yaani mali ya kupora, na hakuna aliyeona haya.

Matokeo yake yanachekesha kwa uchungu. Mthamini hutafuta mnyororo wa mikono: nani alikuwa nacho, alikipata lini, risiti iko wapi. Kitu kilichonunuliwa kihalali sokoni Beijing mwaka 1920 mara nyingi hakina karatasi yoyote. Kilichoporwa na ofisa mwaka 1860 kina barua ya ofisa huyo kwa mama yake, kimetajwa katika wosia, na kina kibandiko cha mnada. Uporaji umekuwa cheti.

Tibet ilifuata mkondo huo. Msafara wa kijeshi wa Younghusband uliingia Lhasa mwaka 1904, na daktari wake L. Austine Waddell alikusanya vitabu na vifaa vya ibada kwa ajili ya taasisi za Uingereza. Njia nyingine ilikuwa ya upole zaidi: mwaka 1911 makumbusho ya Newark, Marekani, yalionyesha vitu vilivyoletwa na daktari mmisionari Albert Shelton, na mkusanyo huo ukawa miongoni mwa mikubwa ya Kitibet nje ya Asia. Baada ya 1959 wakimbizi walivuka Himalaya wakiwa na sanamu na picha za vitambaa walizoweza kubeba, na nyingi ziliuzwa Kathmandu ili watu wale. Zilizobaki nyuma zilikumbwa na Mapinduzi ya Utamaduni, na sanamu nyingi zikaenda kuyeyushwa.

London, wakusanyaji kumi na wawili waliunda Oriental Ceramic Society mwaka 1921, wakawa wanakutana, kila mtu na chombo chake, wanabishana. Mmoja wa watu wa mduara huo alikuwa Sir Percival David, mzaliwa wa Bombay, aliyenunua mmoja baada ya mwingine mitungi miwili mikubwa ya samawati na nyeupe. Shingoni mwake kuna maandishi marefu: mtu aitwaye Zhang Wenjin aliitoa kwa hekalu mwaka 1351, akiombea familia yake amani. Kabla ya hapo wataalamu wengi hawakuamini kwamba kauri ya samawati ilikomaa kiasi hicho katika enzi ya Yuan. Mwaka 1952 John Pope, akichunguza hazina ya masultani mjini Istanbul, alitumia mitungi hiyo kama kipimo na kuupa mwaka mlundo wa vyombo vilivyodhaniwa vya baadaye.

Kipimo cha namna hiyo kilikuwa na kazi pwani yetu ya Afrika Mashariki pia. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948, aliyapa majengo na makaburi umri kwa kutazama vigae vya Kichina vilivyolala kwenye tabaka za udongo. Mwaka 1955 mwanaakiolojia mwenzake Mortimer Wheeler, baada ya kutembea hadi visiwa vya Kilwa, alisema hajapata kuona kauri nyingi iliyovunjika kama aliyoiona katika wiki mbili za safari hiyo. Vigae hivyo havina bei mnadani, lakini kwa mthamini ni darasa, kwa sababu mahali palipovunjika huonyesha moyo wa udongo, ambao bakuli zima huuficha. Kwenye makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi, bakuli zilipachikwa kwenye chokaa. Nyingi zimechomolewa, yamebaki mashimo ya mviringo, na bakuli iliyotoka humo ikifika mezani kwa mthamini, swali la kwanza halihusu uzuri wake.

Vitu vya Tibet hukaguliwa kwa mantiki yake. Sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu huwa tupu ndani. Watawa hujaza karatasi za sala, nafaka na masalia matakatifu, kisha huziba chini kwa bamba. Bamba ambalo halijaguswa ni ushahidi mkubwa, na mwenye sanamu anayelifungua kwa udadisi hupoteza fedha na kuvunja kitu kilichowekwa wakfu. Uso huwa umepakwa dhahabu laini isiyong'aa, nywele zikapakwa samawati. Anayezisugua kwa sabuni ili zipendeze amefuta ibada ya vizazi. Picha ya kitambaa, iitwayo thangka, hugeuzwa, maana nyuma yake, sambamba na paji la uso, koo na moyo wa mungu aliyechorwa, mara nyingi huandikwa silabi tatu takatifu. Nyingi za sanamu bora zilitengenezwa China kwa amri ya Kaizari Yongle, kuwa zawadi kwa malama wa Tibet, kwa hiyo mtaalamu wa upande mmoja tu huona nusu ya jambo. Thangka ya hariri ya enzi hiyo iliyouzwa Hong Kong mwaka 2002 kwa dola kama milioni 4 ilirudi mnadani mwaka 2014, na Liu Yiqian wa Shanghai akailipia dola milioni 45.

Maabara zimesaidia kwa kiasi. Kipimo cha mwanga unaotolewa na udongo ukipashwa moto, kilichokuzwa Oxford, hueleza ni lini farasi wa udongo wa enzi ya Tang alichomwa tanuruni. Waghushi wakajibu: wakapachika vipande vya udongo wa kale pale ambapo wapimaji hutoboa.

Bei zilipopaa, ndipo maadili yalipohitaji kuandikwa. Marekani, baada ya benki za akiba kuanguka miaka ya 1980, kanuni za uthamini zilikataza malipo yanayopanda kadiri ya thamani inayotajwa. Mthamini mwaminifu pia hujitenga na ununuzi wa kile anachokithamini, na huuliza mapema: ni kwa bima, kwa mirathi au kwa kuuza? Kitu kimoja hupata tarakimu tatu tofauti, zote halali.

Oktoba 2022, huko Fontainebleau, nyumba ya mnada ya Osenat iliuza chombo cha maua cha samawati na nyeupe chenye dragoni na mawingu. Mwenye nacho aliishi ng'ambo na hakuwa amewahi kukiona; kilitoka katika nyumba ya marehemu mama yake huko Bretagne. Mtaalamu alisema ni cha karne ya 20, akakikadiria kati ya euro 1,500 na 2,000. Wanunuzi, wengi kutoka China, waliamini ni cha karne ya 18, wakakipandisha hadi euro milioni 7.7, na pamoja na ada ikawa zaidi ya milioni 9. Mkuu wa mnada alisema mtu mmoja hawezi kuwa sahihi dhidi ya wanunuzi mia tatu, akaachana na mtaalamu wake. Lakini mkuu wa idara ya sanaa za Asia katika nyumba hiyo hiyo aliwaambia waandishi wa habari kwamba hawajui kama chombo ni cha kale au la, na huenda wasijue kamwe.