Maji ya Moto Ndani ya Uwanja wa Makombora

Novemba 1943, vita vikiwa vimepamba moto, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitwaa kipande cha jangwa la Mojave, California, ili kujaribia roketi. Bahari iko mbali, na ziwa lililoipa kambi jina la China Lake lilikauka zamani. Hata hivyo, nyika hiyo haikuwa tupu. Katika makorongo ya Coso, miamba myeusi imejaa maelfu ya michoro ya kuchongwa, mingi ikiwa ya kondoo pori wenye pembe zilizopinda. Marufuku iliyolinda siri za silaha ikailinda na michoro.

Sheria ilifuata baadaye. Tangu 1966, taasisi za serikali kuu ya Marekani hutakiwa kupima athari za ujenzi kwa mambo ya kale kabla ya kazi kuanza. Uchunguzi wenyewe ni wa miguu: wanaakiolojia hujipanga mstari, wakaachana hatua kadhaa, wakatembea macho chini wakitafuta vipande vya obsidiani, mawe ya kusagia, alama za mafiga. Karibu na maji ndiko vitu hivyo hujaa, maana jangwani kila aliyepita alilala penye kisima.

Punda nao walilijua hilo. Wale walioachwa na wachimba madini walizaana, wakazikanyaga chemchemi za milima ya Argus na kula vichaka anamojificha ndege mmoja wa kahawia asiyepatikana kwingine. Miaka ya 1980 maelfu ya punda waliondolewa kambini, na 1987 ndege huyo akawekwa chini ya ulinzi wa sheria.

Kisa kigumu zaidi ni cha Coso Hot Springs, chemchemi za maji ya moto zilizo ndani ya kambi, ambako wenyeji wa asili, Wapaiute na Washoshone, huenda kuomba na kujitibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 palijengwa hoteli; wanamaji walipofika, lango likafungwa. Mahali hapo paliorodheshwa kuwa pa kihistoria 1978, na 1979 yakafikiwa makubaliano ya kuwaruhusu wenyeji warudi kwa ibada. Kisha mwaka 1987, umeme wa jotoardhi, kama ule wa Olkaria nchini Kenya, ukaanza kufuliwa humo humo kambini. Chemchemi zilikuwa zikipimwa, na vipimo vikaonyesha maji yanazidi kuwa moto. Wazee walilalamika; mitambo haikuzimwa.

Wanaotembea macho chini waliviokoa vingi vilivyolala juu ya mchanga. Chemchemi hulishwa kutoka chini, na huko ulinzi huo haukufika.