Walimu Waliotembelewa na Walimu Walioachwa



Mhariri ameniomba niandike makala ya historia. Nimechagua historia ambayo wengi wetu tuliipitia bila kujua kuwa ni historia, yaani jinsi watu waliotufundisha walivyosaidiwa katika kazi yao, au walivyoachwa bila msaada. Ninayo sababu ya kufanya hivyo mwaka huu. Katika mkutano wetu tutaamua matumizi ya mfuko wa wahitimu, na mapendekezo yaliyoko mezani ni mawili: kujenga lango jipya la shule, au kujenga nyumba ya walimu wapya. Msimamo wangu mtauona humu humu. Sina haja ya kuuficha.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe amepata nafasi darasani. Shabaha ya awali ilikuwa mwaka 1989. Kwa maneno mengine, kazi ya miaka 15 ilitakiwa ifanywe katika miaka mitatu. Wanafunzi wa shule za msingi nchini, waliokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, walizidi milioni 3.3 mwaka 1980. Madarasa wananchi waliyajenga kwa kujitolea, lakini mwalimu hajengwi kwa tofali wala nyasi, na vyuo vya ualimu havikuwa na uwezo wa kutoa idadi iliyohitajika. Hapo ndipo Serikali ilipowachukua kwa maelfu vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa chaki, na kuwafundisha ualimu huku wakifundisha.

Watu wetu hawakosi utani. Herufi za UPE zikapewa maana nyingine, Ualimu Pasipo Elimu, na hadi leo wapo wanaoitamka kwa kucheka. Mimi sicheki. Waliotufundisha kusoma na kuandika, sisi watoto wa Gehandu na vijiji vya jirani katika wilaya za Mbulu na Hanang, wengi wao walikuwa walimu wa UPE, na nimepata kuuliza walifundishwaje.

Mpango ulikuwa hivi. Kijana alikaa katika shule ya msingi, mara nyingi karibu na kwao, pamoja na wenzake wachache. Sehemu ya siku alishika darasa. Sehemu nyingine alikuwa mwanafunzi, akisoma chini ya mwalimu mwenye cheti aliyekuwa msimamizi wao pale pale shuleni. Alipokea vijitabu vya masomo kwa njia ya posta, akajibu maswali na kuyarudisha yasahihishwe. Jioni alisikiliza vipindi vya ualimu vya Radio Tanzania. Juu ya hayo wapo wakufunzi waliozunguka kutoka kituo hadi kituo, wakiketi nyuma ya darasa kumtazama anavyofundisha, kisha wakizungumza naye juu ya somo lile. Baada ya takriban miaka mitatu alikwenda chuoni kwa wiki sita, akafanya mtihani, na akifaulu alipewa cheti cha Daraja la III C. Kwa njia hii walipatikana walimu zaidi ya 35,000 katika muda wa miaka michache.

Mwalimu aliyenifundisha darasa la kwanza alikuwa mmoja wao. Vijitabu vyake vya posta alivihifadhi katika sanduku la bati pamoja na cheti cha ndoa, na kurasa nyingine zina wino mwekundu wa msahihishaji ambaye hakupata kumwona maisha yake yote. Nilimuuliza ni kitu gani kilichomweka kazini wakati vijana wenzake walikimbilia Arusha mjini. Alinijibu kwa Kiiraqw, nami natafsiri kadiri niwezavyo: alijua kwamba mkufunzi atakuja, hivyo asingependa akute ubao haujafutwa. Mshahara hakuutaja hata kidogo. Sisemi kuwa haukumhusu, nasema hakuutaja.

Je, hawa waliojifunzia kazini walikuwa duni kuliko wale waliokaa chuoni? Mwaka 1989 Taasisi ya Kimataifa ya Mipango ya Elimu ya UNESCO, iliyoko Paris, ilichapisha uchunguzi wa Mählck na Temu uliolinganisha makundi hayo mawili hapa Tanzania. Kwa jumla hawakukuta tofauti kubwa. Katika baadhi ya masomo waliotoka chuoni walikuwa mbele, lakini ule umbali ambao dhihaka ilitutazamisha haukuonekana. Kijana wa darasa la saba, akiwa na msimamizi karibu na mkufunzi anayekuja, alikaribiana na mwenzake mwenye elimu ya chuo. Tuliosoma utawala Chuo Kikuu tulifundishwa jambo linalofanana na hili kwa mfano wa mbali sana, wa kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, ambako kati ya 1924 na 1932 watafiti walibadili taa, mapumziko na saa za kazi, na wakadai kuwa wafanyakazi waliongeza bidii kwa sababu tu kuna watu waliowajali. Wataalamu wa baadaye wameutilia shaka sana uchunguzi ule, nao wana haki. Ila sikuona sababu ya kwenda Chicago wakati sanduku la bati liko Gehandu.

Msaada ule haukudumu. Miaka ya 1980 uchumi ulianguka, petroli ikawa haba, baiskeli za wakufunzi zikakosa matairi, vitabu vikawa kimoja kwa darasa zima. Mwalimu alibaki peke yake na watoto wengi, na mshahara ukawa haumfikishi nusu ya mwezi. Hata kuupokea kulikuwa kazi, kwa sababu kwa miaka mingi mwalimu wa kijijini alifunga safari hadi makao makuu ya wilaya, na wakati wa masika, katika tope la milima ya Mbulu, safari hiyo ilikula siku mbili au tatu za masomo. Wengine walilima vitunguu, wengine waliuza maandazi kwa wanafunzi wao wenyewe. Walimu walipounda chama chao, CWT, mwaka 1993, madai yalikwishalundikana. Sisi tuliokuwa madarasani wakati ule tulijua siku ya mshahara bila kuambiwa, kwa kuwa shule ilikuwa kimya.

Upande wa mwanafunzi nao una historia yake, na kwetu ni nzito kuliko kwingine. Mtoto wa Kiiraqw huanza shule akijifunza Kiswahili kama lugha ya pili, na anapofika kidato cha kwanza hutakiwa kusoma karibu kila kitu kwa Kiingereza, lugha ya tatu. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari nchini na kuripoti kwamba wengi mno hawakiwezi kiasi cha kujifunzia masomo mengine. Kuanzia 1987 Uingereza iligharimia mradi wa kuleta shuleni vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi vilivyopangwa kwa ngazi. Waliokuwa shuleni kabla yetu na sisi tuliofuata tuliviona vile vitabu vyembamba, vimechakaa pembe. Vilisaidia pale ambapo palikuwa na mwalimu wa kuvigawa na kuuliza hadithi ilihusu nini. Pale ambapo havikuwa na mtu, vilifungiwa kabatini visichafuke.

Sasa tazameni kilichofuata. Kwa mpango wa MMES na ujenzi wa shule za kata, shule za sekondari ziliongezeka kutoka 1,291 mwaka 2004 hadi 4,102 mwaka 2009. Haraka ilikuwa ile ile ya Musoma. Upungufu wa walimu ukazibwa, pamoja na njia nyingine, kwa vijana waliomaliza kidato cha sita na kupewa mafunzo ya wiki chache tu kabla ya kupelekwa madarasani. Mitaani wakaitwa Voda Fasta, kwa kufananishwa na salio la simu linaloingia upesi. Vijana hawa walikuwa na elimu kubwa kuliko wale wa darasa la saba wa 1976, lakini walikosa msimamizi wa kila siku, vijitabu vya kusahihishwa, na mkufunzi wa kuketi nyuma ya darasa. Wengi walipelekwa kwenye shule yenye walimu watatu, hakuna nyumba, na kesho yake wakaanza. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yalipotangazwa Februari 2013, yalionyesha kuwa asilimia 60 hivi ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilishtuka, tume ikaundwa, na matokeo yakapangwa upya. Sababu zilikuwa nyingi na sitaki kuzibebesha zote kwa walimu wale. Nasema tu kwamba mwaka 1976 nchi maskini zaidi ilikumbuka kumtuma mtu amfuate mwalimu mpya, na miaka 30 baadaye nchi yenye uwezo zaidi ilisahau.

Wapo watakaosema dawa ni fedha. Jambo hili nalo limepimwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2013 na 2014 mradi wa KiuFunza wa Twaweza ulihusisha shule za msingi 350 zenye wanafunzi zaidi ya 120,000. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya vifaa, nyingine walimu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu, nyingine zilipewa vyote viwili, na nyingine hazikupewa kitu ili kulinganisha. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuongeza alama za wanafunzi. Bakshishi peke yake ilileta dalili fulani za manufaa. Vyote viwili kwa pamoja vilileta maendeleo yaliyo dhahiri. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2019, nami naona kila mhazini wa mfuko wowote angepaswa kuusoma kabla ya kutia sahihi hundi.

Serikali imeanza kurudi kwenye njia ya zamani. Mwaka 2018 waratibu elimu kata walipewa pikipiki ili waweze kufika shuleni, na katika miaka ya karibuni mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umewataka walimu wakutane katika shule zao na kusaidiana masomo. Ni jambo jema. Wasiwasi wangu, kama mtu wa ofisini, ni kwamba tunapenda fomu kuliko ziara. Tulijaza OPRAS tangu 2004 hadi ilipokuja PEPMIS, na katika ofisi ya kwanza niliyopangiwa, ambayo sitaitaja, fomu yangu ilisainiwa miaka miwili mfululizo na bwana ambaye hakupata kuniuliza nafanya kazi gani.

Nikirudi kwenye mfuko wetu, napendekeza nyumba, tena yenye vyumba viwili vya walimu wapya, kwa kuwa mwalimu anayepanga chumba mbali na shule na kutembea katika baridi ya Juni hataongeza kipindi cha jioni. Najua lipo jibu kwamba nyumba ni kazi ya Serikali. Ni kweli, lakini lango si kazi ya nani? Hata hivyo nyumba peke yake isije ikawa kama ile ruzuku. Miongoni mwetu wamo walimu wastaafu wasiopungua saba wanaoishi mwendo wa saa moja kutoka shuleni. Nimezungumza na watatu, na wamekubali kuja mara mbili kwa mwezi, kwa idhini ya Mkuu wa Shule, kuketi nyuma ya darasa la mwalimu mpya na kunywa naye chai baadaye. Wanachoomba ni nauli tu. Wengine walio tayari wampe Katibu majina yao kabla ya mkutano. Kiwanja cha nyumba kipo, nyuma ya bwalo, pale palipokuwa bustani ya mboga ya shule.